Spea za Vitunguu

Haya aliniambia mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, Jumapili moja ya mwezi uliopita alipokuja kunikazia bawaba za kabati. Alikuwa amechuchumaa, bisibisi mkononi, anazungumza na kabati zaidi ya anavyozungumza na mimi, nami nikamwacha. Sehemu ya mkewe sikuipata kwake. Nilimpigia simu mwenyewe siku ya pili yake, akacheka kwanza, kisha akanisimulia. Simulizi zao nimezishona pamoja, na pale mshono unapoonekana mnisamehe.

Mkewe namwita mke mwenzangu, maana mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Hana kinyongo. Huniambia, "Bibi, zamu yako ikifika njoo umchukue, ila uje na sabuni yako. Nguo zake zina grisi."

Grisi ni ya gereji. Mume wangu huyu ni fundi wa mabasi, na mabasi hutengenezwa usiku kwa sababu mchana yako barabarani. Anaingia kazini saa mbili usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Msimamizi wao ana sharti moja ambalo hata mkubwa wa kampuni halivunji: basi halipandi juu ya shimo la kutengenezea mpaka spea zote zitakazohitajika ziwe zimepangwa kwenye trei, kila moja mahali pake. Ukianza kutafuta boliti wakati basi limeshafunguliwa, unarudishwa nyumbani. Mjukuu wangu alilipenda sharti hilo kama wengine wanavyopenda mpira. Na ukimuuliza kazi itachukua muda gani, hasemi "bado kidogo" kama mafundi wengine. Anasema, "Dakika arobaini na tano," na inakuwa hivyo. Kwa hiyo wakamwita Dakika.

Mke mwenzangu yeye ni wa mchana. Anapiga pasi mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli, kutwa nzima amesimama, mvuke usoni. Asubuhi wanapishana mlangoni, mmoja ananuka dizeli, mwingine ananuka sabuni. Jioni wanapata muda wa saa mbili pamoja, na siku ya Jumapili.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao walikula chakula cha boksi. Mnakijua: sinia dogo la plastiki, juu limevikwa nailoni, unalitoboa kwa uma, unalitia kwenye maikrowevu, dakika nne, umekula. Supamaketi ipo njiani, friji zake zinawaka taa mpaka jioni. Sikuwalaumu. Mtu aliyesimama kutwa mbele ya pasi hana mgongo wa kusimama tena mbele ya jiko.

Kisha mke mwenzangu akapata mimba, na mwezi wa nne ikatoka.

Mkunga wa kliniki aliwaambia wazi, wote wawili wamekaa mbele yake: si kazi, si chakula, si kosa la mtu, hutokea. Mke mwenzangu alilia akamaliza, kwa kadiri mtu anavyoweza kumaliza. Mume wangu hakulia. Alirudi nyumbani, akayatoa maboksi yote kwenye friji, akayatia kwenye pipa la taka, akafunga mfuniko. Akamwambia mkewe, "Inayokuja nitailisha mimi. Kwa mkono wangu."

Wenzake wakioa, watu husema wamepata jiko. Huyu yeye ndiye aliyegeuka jiko.

Lakini apike saa ngapi? Alikaa akafikiri kigereji. Akaona kinachokula muda si kupika, ni maandalizi: kumenya, kukata, kukaanga kitunguu mpaka kiwe rangi inayotakiwa. Basi kila Jumapili akawa anafanya maandalizi ya wiki nzima. Kilo tatu za vitunguu. Anavikata amevaa ile miwani ya kuchomelea vyuma, kwa ajili ya machozi, mkewe akipita anamwuliza, "Fundi, geti langu litakuwa tayari lini?" Anavikaanga polepole, anatia nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, anakoroga mpaka vyote viwe uji mzito wenye rangi ya matofali. Ukipoa, anaumimina kwenye vitrei vya barafu, vinaingia friza. Kesho yake anavigongagonga, vinatoka vipande vipande, anavitia kwenye mfuko na kuandika tarehe juu ya utepe wa karatasi. Vipande hivyo akaviita spea.

Kuanzia hapo, wiki nzima ilikuwa ni kufungua friza tu. Spea mbili kwenye sufuria, zikiyeyuka tia maharagwe yaliyochemshwa: dakika kumi na mbili. Spea moja na mayai matatu: dakika sita. Tambi, spea tatu, dakika kumi na moja. Mboga za majani, spea mbili, dakika nane, na hapo amehesabu na kuosha. Jioni wanakula pamoja, na kinachobaki anakitia kwenye kopo la plastiki, anabandika utepe, kinakuwa chakula cha mkewe cha mchana kesho yake. Mimi aliwahi kuniletea maharagwe yake. Niliramba sahani, nisimdhulumu.

Mimba ya pili ilipoingia, ikaja na pua.

Mke mwenzangu anasema aliijua mimba kabla ya kupimwa, kwa sababu jioni moja alisimama ngazini, mlango bado umefungwa, akanusa kitunguu kilichokaangwa na matumbo yakamgeuka. Alikaa pale pale kwenye ngazi, mkoba mapajani, mpaka yakatulia. Kisha akaingia, akatabasamu, akafungua dirisha.

"Mbona dirisha? Kuna baridi," mumewe akamwuliza.

"Nimetoka kwenye mvuke, nataka hewa."

Akala vijiko vitatu. Akasema amechelewa kula kazini, atamalizia baadaye. Mumewe alipotoka kwenda zamu, vile vijiko vitatu vikatoka pia.

Ikawa hivyo jioni zote. Na asubuhi chai haishuki chini, inarudi juu. Lakini alipomwambia mumewe kwamba ana mimba, mume wangu alikaa sakafuni, nguo za kazi na zote, akashika miguu ya mkewe kama mtu anayemzuia asiondoke. Jumapili iliyofuata alinunua vitunguu kilo nne. Akavaa miwani yake. Akakata, na akiwa anakata akaanza kuimba.

"Bibi," mke mwenzangu aliniambia kwenye simu, "tangu ile ya kwanza itoke sikuwahi kumsikia akiimba. Ningemwambiaje?"

Pale kazini kuna mwanamke mmoja mtu mzima, mnene, ana sauti, ndiye anayeendesha ile pasi kubwa ya kubana. Wanamwita Mama Pasi. Yeye ndiye aliyemkuta mke mwenzangu ameinama nyuma ya magunia ya mashuka machafu, kopo la mumewe limefunguliwa kando yake, halijaguswa.

"Mdogo wangu, umekula nini tangu jana?"

"Nimekula."

"Nimekuuliza nini, sikukuuliza kama."

Mke mwenzangu akaanza kulia. Mama Pasi akatoka na aproni yake vile vile, akaenda supamaketi, akarudi na boksi la wali na dengu, akalipasha, akalitoboa, akamwekea mapajani. "Kijiko kimoja. Ukitapika nitafua mimi."

Alikula kimoja. Akala cha pili. Akala mpaka uma ukawa unakwaruza plastiki. Wakakaa wakisubiri, wote wawili wanalitazama tumbo kama watu wanaosubiri maji yachemke. Chakula kikakaa. Akalia tena, safari hii nusu ya furaha, nusu ya aibu.

Kuanzia siku hiyo wakabadilishana. Mchana mke mwenzangu anakula boksi, na kopo la Dakika analila Mama Pasi.

"Mwambie," Mama Pasi alimwambia kila wiki, mdomo umejaa.

"Nimwambie kwamba kile alichokitupa kwenye pipa ndicho ninachokula?"

"Mwambie tumbo halitaki."

"Tumbo ni la nani? Alisema atalilisha yeye."

"Wanaume wana maneno. Mimi wangu aliniapia ataacha kukoroma."

Lakini boksi moja kwa siku halimtoshi mtu wa nafsi mbili anayesimama kutwa, na kununua la pili alete nyumbani hakuthubutu. Alianza na kilo hamsini na nane. Mwezi wa tatu mizani ya kliniki ilisoma hamsini na nne. Mume wangu alikuwepo. Mkunga, ambaye maneno yake ni machache kama meno ya mtoto, alitazama mizani, akatazama kadi.

"Huyu anakula?"

"Anakula," mume wangu akadakia, kifua mbele. "Napika mwenyewe. Makopo yanarudi matupu kila siku."

Mkunga akamtazama mke mwenzangu. Mke mwenzangu akatazama viatu vyake.

"Akifika hamsini na mbili namlaza hospitali," mkunga akasema. "Na mnajua mnaingia mwezi gani."

Walijua. Ulikuwa mwezi ule ule.

Sasa sikilizeni alichofanya mume wangu, maana ni fundi peke yake angeweza kukosea hivyo. Gari likikosa nguvu unaongeza kinachokosekana. Aliona mkewe anakonda, akaongeza spea. Mbili zikawa tatu. Tatu zikawa nne. Mayai yenyewe yakawa hayaonekani. Kadiri mke alivyokonda, ndivyo nyumba ilivyozidi kunuka kitunguu, mpaka mapazia, mpaka mito. Mkewe akaanza kulala ameelekea ukutani. Mume akadhani ni dizeli ya mikono yake inayomkera, akanunua sabuni kali, akawa anasugua vidole mpaka vinachubuka, kisha anaenda kumpikia.

Siku ya Jumatano moja alirudi kutoka zamu, wakapishana mlangoni kama kawaida. Akaoga, akataka kulala, akaiona kadi ya kliniki mezani. Mkewe alikuwa aende kliniki alasiri moja kwa moja kutoka kazini, na kadi ameisahau. Akalala kidogo, akaamka saa sita, akavaa ndara, akaipeleka.

Mlango wa nyuma wa kile kiwanda unafunguka uani, panapokaushwa vitambaa vidogo. Aliingia hapo. Mwanamke mnene alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula.

"Kaka, wenye nguo wanapita mbele," akasema bila kuinua kichwa.

"Sina nguo. Nimeleta kadi ya mke wangu. Anapiga pasi mashuka. Mwembamba hivi."

"Ala! Shemeji!" Mama Pasi akainuka kwa nguvu, kopo mkononi. "Wewe ndiye Dakika! Mungu auweke mkono wako, shemeji, mkono wako una..."

Akaona macho ya shemeji yako wapi. Yako kwenye kopo. Kwenye kopo kuna utepe, na kwenye utepe mwandiko wake mwenyewe: JUMATANO. MAHARAGWE. SPEA 4.

Kijiko cha Mama Pasi kikabaki hewani.

"Hilo ni kopo langu," mume wangu akasema.

"Ni lako."

"Unakula wewe."

"Nakula mimi. Wiki ya sita sasa. Aproni hainifungiki, tazama." Akageuka amwonyeshe kamba, kama vile kamba ndiyo itakayosawazisha mambo.

Mume wangu hakutazama kamba. Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na ndani, juu ya magunia ya mashuka, alikuwa amekaa mkewe. Mapajani ana boksi. Ni lile lile, sinia la plastiki, nailoni imekunjwa pembeni. Alikuwa amewapa mgongo nusu. Alikuwa anakula. Anaukusanya wali punje kwa punje kwenye kona za sinia, anautia mdomoni, anafumba macho, anatafuna. Hana haraka, hajilazimishi.

"Bibi," mume wangu aliniambia, na hapo bisibisi ilikuwa imesimama, "nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Na papo hapo sikutaka aache. Nilisimama namna hiyo, nimekasirika, naomba asigeuke, asije akaniona akaacha kula."

Alimwuliza Mama Pasi, kwa sauti ya chini, "Anakula hivyo siku zote?"

"Mchana. Ndicho pekee kinachokaa, shemeji. Vingine vyote vinarudi. Chako, changu, hata chai."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hilo utamwuliza yeye. Ila usimwulize na uso huo."

Mume wangu akampa kadi. Akamwambia asiseme kwamba alikuja mwenyewe, aseme kadi imeletwa tu. Mama Pasi akaapa kwa pasi yake. Kisha mume wangu akarudi nyumbani.

Cha kwanza alifungua friza. Spea hamsini na kitu, zimekaa kwenye mfuko, zina theluji.

"Nilitaka kuzipiga teke, bibi."

"Ukazipiga?"

"Nilikuwa na ndara tu."

Basi akaketi. Akasema moyoni: mabasi mawili, ya aina moja, barabara moja. Moja linawaka, moja haliwaki. Hulitukani lisilowaka. Unatafuta lile linalowaka lina nini ambacho hili halina, au hili lina nini ambacho lile halina. Akatoka tena, akaenda supamaketi, akanunua boksi la wali na dengu kama lile, akalipasha, akala mwenyewe. Halina kitu, aliniambia, ni kama kula godoro lililotiwa chumvi. Akapindua boksi akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, kidole kikifuata mstari. Mchele, dengu, mafuta, chumvi, manjano. Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu.

Hakuna kitunguu.

Ndipo yote yakamjia kwa pamoja: dirisha. Ukuta. Vijiko vitatu. Spea mbili, tatu, nne. Kila chakula alichowahi kumpikia tangu mimba iingie, kiwe yai, kiwe maharagwe, kiwe tambi, ndani yake kilikuwa kitu kimoja. Alibadilisha sahani kila siku, na kila siku alimpa ugonjwa ule ule. Akainusa mikono yake. Dizeli ilikuwa imekwisha zamani kwa ile sabuni. Kilichobaki kwenye vidole ni kitunguu na saumu.

Mke mwenzangu alifika saa kumi na mbili kasoro. Kliniki ilikuwa imemsomea hamsini na tatu, na amepewa wiki mbili. Alipanda ngazi taratibu, akijikaza kisabuni kama kila jioni, pumzi ameibana tayari. Akafungua mlango. Akasimama. Akaachia pumzi kidogo, kama mtu anayeonja maji kwa kidole. Madirisha yote yalikuwa wazi, mapazia hayapo, yamelowekwa.

"Leo hujapika?"

"Nimepika."

"Umepika nini?"

"Kaa."

Alimletea sahani. Wali na dengu. Dengu zimeiva kupita kiasi, wali una maji, na juu yake hakuna chochote. Mke mwenzangu aliitazama sahani muda mrefu. Kisha akamtazama mumewe, na akajua kwamba anajua.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ile kadi niliileta mimi."

Akafunika uso. "Sikutaka ujue. Wallahi nilitaka nikuambie, kila siku nasema leo, nakuja nakukuta na ile miwani..."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje! Uliyatupa maboksi kama umefukuza mwizi. Kila nikilifungua moja nilikuwa naona kama... kama narudia. Kama ile ya kwanza niliiua hivyo hivyo."

Mume wangu alipiga magoti mbele ya kiti. Hakumgusa, kwa ajili ya vidole vyake. Akavificha nyuma.

"Mkunga alisema si chakula."

"Wewe hukuamini."

"Sikuamini."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kiwe chakula," akasema. "Kikiwa chakula, nitakitengeneza. Kama si chakula, si kazi, si kosa la mtu, mimi nitakaza nini?"

Na hapo ndipo alipolia, mume wangu, ile ya kwanza aliyokuwa hajaililia. Alilia vibaya, kama wanavyolia watu wasio na mazoezi. Mke mwenzangu akamvuta kichwa, akakilaza mapajani, pale pale pembeni ya tumbo. Akaichukua mikono yake huko nyuma alikoificha, akaipeleka puani, akakunja uso.

"Kweli unanuka."

"Nimeiosha mara tisa."

"Ioshe ya kumi."

Akacheka, naye akacheka, kamasi na yote. Kisha mke mwenzangu akachukua kijiko. Akala kimoja. Akasubiri. Akala cha pili.

"Vipi?"

"Boksi linakushinda chumvi."

Akainuka kufuata chumvi, akafungua na friji, akamwonyesha: maboksi matatu, yamepangwa yakapangika, kila moja na utepe wake. ALHAMISI. IJUMAA. JUMAMOSI. "Ya kazini," akasema. "Mbele yangu ukitaka. Jioni nitajaribu mimi. Nikishindwa, tunatoboa nailoni."

"Na zile spea?"

"Nitampelekea Mama Pasi. Yeye hana mimba."

"Atakuwa kama anayo."

Alimaliza nusu sahani. Msiende mkafikiri alimaliza yote, haikuwa hadithi ya namna hiyo. Nusu, na ikakaa.

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Mume wangu alijifunza upya. Viazi vya kuchemsha na chumvi, dakika kumi na nane. Yai la kuchemsha, dakika tisa, na maganda amemenya yeye. Mtindi na ndizi, dakika moja. Mkate mkavu wa kuchoma saa kumi na moja alfajiri hakuweza, yuko gereji, basi anauacha umekatwa kando ya kitanda ndani ya kitambaa, mkewe anautafuna kabla ya kuinua kichwa, na chai ikaanza kushuka. Kuna jioni mbili alishindwa kabisa: moja dengu zilishika chini zikaungua, nyingine mkewe aliitazama tu sahani akatikisa kichwa. Wakatoboa nailoni, wakala wote wawili kwenye sinia moja, uma mbili zikigongana. Mume wangu anakiri kwamba siku ile ya pili alikuwa amechoka mpaka mifupa, na lile boksi alilishukuru.

Siku ya kliniki ilikuwa asubuhi. Alitoka zamu akaenda moja kwa moja, nguo za kazi mwilini. Mkewe alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima. Mwezi wa nne ulikuwa umebakiza siku mbili kwisha.

Mke mwenzangu alivua viatu akapanda mizani. Mume wangu alitazama dari. Aliniambia hajawahi kuogopa sindano ya geji yoyote kama alivyoiogopa ile ya mizani.

"Hamsini na nne na nusu," mkunga akasema.

Mkunga akaandika. Akamlaza mke mwenzangu, akaweka kile kipembe chake cha kusikilizia mtoto tumboni, akainama, akasikiliza muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha akanyanyuka.

"Yupo," akasema. "Ana haraka kama babake." Akamtazama mume wangu, grisi na zote. "Sijui mnafanya nini huko nyumbani. Endeleeni nacho."

Walirudi kwa miguu, polepole, jua linapanda. Nyumbani mke mwenzangu alijitupa kitandani, akakaa kitako, akasema neno ambalo mume wangu hakulisikia tangu mimba iingie.

"Nina njaa."

Akaruka kwenda jikoni. Viazi viwili vilikuwa vimechemshwa tangu jana. Akavipasha, akavipondaponda kwa mtindi na chumvi, akamletea. Dakika tano. Mke akala ameegemea mto, sahani kifuani, mume amejilaza kando yake juu ya shuka na nguo zake za kazi, mkewe anamwambia avue, naye anasema ngoja kidogo.

"Usinitazame hivyo nikila."

"Sikutazami."

"Unanihesabu vijiko."

"Kumi na nne."

Akampiga kofi la bega. Akala cha kumi na tano, na cha kumi na sita, kisha kijiko kikakaa kwenye sahani na mkono ukalegea. Alikuwa ameshalala, kinywa wazi kidogo.

Mume wangu akaitoa sahani kifuani taratibu. Akaitazama: tupu. Akaiweka sakafuni, akavua shati la kazi akiwa amelala vile vile ili kitanda kisitikisike, akaisikiliza pumzi ya mkewe mara tatu, mara nne, na mchana huo huo, dirisha wazi, naye akalala.